Mtaa wa umeme wa Tokyo una somo kwa wauza simu wa Usoke

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa simu, redio na sola katika mji mdogo wa Usoke, wilayani Urambo, hukabiliwa na swali lile lile kila fedha za tumbaku zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima. Je, mtaji wote upelekwe Kariakoo ukarudi na maboksi ya simu mpya, au sehemu yake ibaki kwa ajili ya vitu vidogo vidogo ambavyo havina sifa dukani lakini huulizwa kila siku?

Swali hilo si dogo. Wapo wanaofunga duka wakati wa masika kwa sababu mtaji wao umelala ndani ya kabati la kioo katika umbo la simu ambazo hakuna tena anayezitaka. Simu haiozi kama nyanya, lakini bei yake huoza. Toleo jipya likiingia sokoni, lile la mwaka jana hushuka bei hata kama halijafunguliwa kwenye boksi lake.

Ukurasa huu wiki hii unawapeleka wasomaji mbali kidogo, hadi mtaa wa Akihabara jijini Tokyo, Japani, ambao kwa zaidi ya miaka 70 umeishi kwa biashara hiyo hiyo ya vifaa vya umeme. Mtaa huo umepoteza bidhaa zake kuu zaidi ya mara moja, na kila mara umebaki wazi. Namna ulivyofanya hivyo inamfaa mwenye duka la mlango mmoja.

NJIA NI ILE ILE

Kabla ya kwenda Tokyo, ni vema tuangalie njia ambayo bidhaa hizi hupita kufika Usoke.

Simu nyingi hutoka viwandani China, nyingine zikipitia Dubai, na kuingia Dar es Salaam. Pale Kariakoo, hasa maeneo ya mitaa ya Aggrey na Likoma, maduka ya simu yamepangana mlango kwa mlango. Mwenye duka wa Usoke hununua hapo, au hununua Tabora mjini kwa mtu aliyenunua hapo. Mzigo husafiri zaidi ya kilometa 800 hadi Tabora, kisha huelekea magharibi kufuata reli ya kwenda Kigoma.

Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya zamani ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita humo wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na kurudi na vitambaa, waya wa shaba na ushanga. Hata jina la Kariakoo lina asili ya wapagazi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilikuwa na kambi yake mahali hapo.

Wafanyabiashara wa misafara nao walikuwa na tatizo la kabati la kioo. Henry Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, alieleza katika kitabu chake jinsi uchaguzi wa ushanga ulivyomsumbua. Ushanga mweusi ulipokelewa kama fedha Ugogo, lakini haukuwa na thamani kwa watu wengine wote wa njiani. Aina iliyopendwa Ujiji ilikataliwa kwingineko. Aliyekosea hesabu pwani aligundua kosa lake baada ya miezi ya kutembea, akiwa na mizigo isiyonunua hata chakula cha wapagazi wake.

Umbali kati ya pale unaponunua na pale unapouza ndio hatari yenyewe. Leo mzigo hutumia siku badala ya miezi, lakini na mitindo nayo imeongeza mwendo.

MTAA ULIOANZA NA VIPURI

Akihabara ilianza kujulikana kwa biashara hii baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945. Tokyo ilikuwa imeungua kwa mabomu, na watu walikuwa na kiu ya habari. Redio za kiwandani zilikuwa ghali. Katika eneo la Kanda, jirani na Akihabara, palikuwa na shule ya ufundi wa umeme ambayo leo ni Tokyo Denki University. Wanafunzi waliweza kuunganisha redio wenyewe na kuziuza kwa bei ya chini, mradi wapate vipuri.

Basi wachuuzi wakajaa barabarani na meza za vipuri vya redio. Mwaka 1949 utawala wa majeshi yaliyoikalia Japani uliamuru biashara za barabarani ziondolewe. Wachuuzi wa vipuri walihamishiwa chini ya madaraja ya reli ya kituo cha Akihabara, katika vibanda vidogo sana. Wamachinga wa nchi yetu, ambao mwishoni mwa mwaka 2021 waliondolewa barabarani na kupangiwa maeneo mengine, wataitambua hadithi hiyo.

Vibanda hivyo havikufa, kwa sababu mteja wao alikuwa fundi. Fundi hawezi kufanya kazi bila kipuri, na kipuri anachokitaka hakipatikani kila mahali. Hata leo, anayeshuka kituo cha Akihabara anaweza kuingia chini ya reli na kukuta mwenye kibanda anayeuza nyaya tupu, jirani yake anauza swichi, na wa tatu anauza taa ndogo ndogo za rangi zilizopangwa kwenye visanduku.

BIDHAA ZILIPOHAMA

Miaka ya 1950 na 1960 kipato cha Wajapani kilipanda. Kila nyumba ilitaka televisheni, mashine ya kufulia nguo na friji. Harusi ya mtoto wa mfalme mwezi Aprili 1959 na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwezi Oktoba 1964 ziliwasukuma watu wengi kununua televisheni. Akihabara ikawa mahali pa kununua vyombo hivyo kwa bei nafuu, na watu wakauita mtaa wa umeme.

Neema hiyo haikudumu. Familia zilipopata magari, maduka makubwa yalijengwa pembezoni mwa miji, yakiwa na nafasi ya kuegesha magari na uwezo wa kununua kwa wingi. Mtu mwenye friji ya kununua hakuona tena sababu ya kupanda treni hadi katikati ya Tokyo. Kufikia miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, maduka ya Akihabara yaliyotegemea friji na mashine za kufulia yalikuwa yakipoteza wateja kwa washindani wenye nguvu kuliko wao.

Kilichoukoa mtaa kilikuwa kimeanza kidogo kidogo ndani ya jengo la Radio Kaikan. Mwaka 1976 kampuni ya NEC ilifungua humo chumba cha kuwahudumia watu waliokuwa wakiunganisha kompyuta ndogo kwa mikono yao. Wateja hao walikuwa wa jamii ile ile ya wanafunzi wa redio: watu wa kuuliza, kubadilishana maarifa na kununua kipuri kimoja kimoja. Biashara ya kompyuta ikakua hadi ikashika mtaa. Mwezi Novemba 1995, toleo la Kijapani la Windows 95 lilipoanza kuuzwa usiku wa manane, watu walikuwa wamejipanga foleni Akihabara.

Kisha kompyuta nayo ikawa bidhaa ya kila duka. Mwezi Septemba 2005 duka kubwa la Yodobashi lilifunguliwa kando ya kituo cha Akihabara chenyewe. Mshindani sasa hakuwa pembezoni mwa mji, alikuwa mlangoni.

Lakini wapenzi wa kompyuta walikuwa pia wapenzi wa michezo ya video na wa katuni za Kijapani ziitwazo anime. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wauzaji wa sanamu ndogo za wahusika wa katuni, vitabu vya picha na kadi za kuchezea walianza kuhamia katika majengo ya vifaa vya umeme. Leo Radio Kaikan, ambalo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2014, limejaa maduka ya sanamu na kadi kuliko ya redio. Yapo pia maduka ya michezo ya video iliyotumika, ambako kaseti adimu ya miaka ya 1980 huweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko ilipokuwa mpya.

Si wote waliovuka. Radio Store, mojawapo ya majengo ya vibanda vya vipuri chini ya reli, lilifungwa mwezi Novemba 2013. Kampuni ya Laox, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa ya mtaa huo, iliangukia mikononi mwa Suning ya China mwaka 2009 na kugeukia kuuza bidhaa kwa watalii. Walioumia zaidi ni wale waliouza kitu ambacho duka kubwa liliweza kuuza kwa bei ndogo zaidi.

USOKE HAIWEZI KUSHINDANA NA KARIAKOO

Mwenye duka wa Usoke yuko katika nafasi ya muuza friji wa Akihabara. Mkulima aliyelipwa vizuri anaweza kupanda gari hadi Tabora mjini, au kumtumia ndugu yake aliye Dar es Salaam fedha kwa simu ili amnunulie Kariakoo. Bei ya Kariakoo anaijua, kwa sababu wauzaji wa huko huitangaza mitandaoni kila siku. Duka la Usoke likiongeza nauli, kodi ya pango na faida, mteja huyo analiona ni ghali.

Lakini chaja ikiungua saa 2 usiku, hakuna atakayesubiri ndugu wa Dar es Salaam. Kioo kikipasuka, betri ya sola ikiacha kushika moto, spika ya subufa ikikwaruza au kitochi kikikataa kuwaka, mteja anamtaka mtu aliye hapo hapo.

Tuchukulie mfano wa mfanyabiashara mwenye mtaji wa sh. 3,000,000. Hesabu hizi ni za kielelezo, na kila msomaji anaweza kuweka bei za duka lake.

Katika njia ya kwanza, ananunua simu janja 20 kwa sh. 150,000 kila moja, akitegemea kuuza kwa sh. 175,000. Zikiisha zote, faida ghafi ni sh. 500,000. Lakini tuseme msimu wa malipo unapita akiwa ameuza 12 tu. Hizo zimempa sh. 300,000. Nane zilizobaki bei yake imeshuka, anaziuza kwa sh. 130,000, hasara ya sh. 20,000 kila moja, yaani sh. 160,000. Faida ghafi iliyobaki ni sh. 140,000, kabla ya nauli, pango na ushuru. Zaidi ya hapo, sh. 1,200,000, sawa na asilimia 40 ya mtaji, zilikaa bila kazi kwa miezi kadhaa.

Katika njia ya pili, ananunua simu 8 tu kwa sh. 1,200,000. Anaweka sh. 1,000,000 katika chaja, betri, vioo, nyaya, memori kadi, swichi na balbu za sola. Sh. 800,000 anabaki nazo taslimu. Simu 8 zikiisha zinampa sh. 200,000. Vipuri, tukikadiria faida ya asilimia 30 na mzunguko mmoja kwa miezi 2, vinampa sh. 600,000 katika miezi 4. Jumla ni sh. 800,000. Hapo atatoa malipo ya fundi, ambaye katika njia ya kwanza hakuwepo. Hata akimlipa sh. 100,000 kwa mwezi, anabaki na sh. 400,000, na bado ana fedha mkononi ya kununua kitu ambacho wateja wameanza kukiulizia.

Udhaifu wa njia ya pili ni kwamba inataka kazi zaidi. Vipuri ni vingi, ni vidogo, na visipoandikwa kwenye daftari huibwa au husahaulika. Kioo cha simu moja hakiingii kwenye nyingine. Anayeagiza bila kujua ni simu za aina gani zilizo mikononi mwa watu wa Usoke atajaza duka kwa vioo vya simu ambazo hazipo, kama ule ushanga mweusi nje ya Ugogo. Dawa yake ni daftari la pili: kila mteja anayeuliza kitu ambacho hakipo, kitu hicho kiandikwe pamoja na tarehe. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo ndilo orodha ya kwenda nayo Kariakoo.

FUNDI NI SEHEMU YA DUKA

Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na miongoni mwake ni ufundi wa simu za mkononi na vifaa vya elektroniki. Kwa vijana wa mikoani huo ni mlango uliofunguliwa, lakini amri haimfundishi mtu kushika kifaa cha kulehemu. VETA ina chuo mjini Tabora. Mfanyabiashara anayemsomesha kijana ufundi na kumpa meza dukani kwake anaweka akiba ambayo haishuki bei toleo jipya linapotoka.

Kuna pia upande wa burudani, ambao Akihabara iliugundua baada ya miaka mingi. Watu hununua chombo kwa sababu ya kitu wanachotaka kusikia au kuona ndani yake. Vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi na flashi vimekuwa vikilijua jambo hilo kwa muda mrefu. Mteja wa nyimbo ndiye mteja wa memori kadi, na baadaye wa subufa. Tahadhari ni kwamba kunakili kazi ya msanii bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mwenye kutaka kuendeleza huduma hiyo aulizie kwanza COSOTA.

Tukio la ving'amuzi nalo lisisahaulike. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye mikoani, antena za zamani zisizo na king'amuzi zilipoteza kazi yake kwa siku moja. Waliokuwa na fedha taslimu waliingia katika biashara ya ving'amuzi mapema. Waliokuwa na stoo iliyojaa walitazama.

YA KUZINGATIA KABLA YA MSIMU

Wafanyabiashara wanaojiandaa kwenda kununua mzigo wanashauriwa yafuatayo.

Kwanza, wasiende na mtaji wote kwa safari moja. Maduka ya Kariakoo yalifungwa katika mgomo wa wafanyabiashara ulioanza tarehe 15 Mei 2023, na mgomo mwingine ulitokea mwezi Juni 2024. Mtu aliyetoka Tabora na fedha zote mfukoni siku kama hizo hulipa nyumba ya wageni huku akisubiri milango ifunguliwe. Kuwa na muuzaji wa akiba Tabora mjini kunapunguza hatari hiyo, ingawa bei yake iko juu kidogo.

Pili, kila simu ikaguliwe kwa kubonyeza *#06# na namba inayotokea ilinganishwe na ile ya kwenye boksi. Simu bandia zilizimwa nchini kuanzia tarehe 16 Juni 2016, na hasara ya simu iliyozimwa humrudia muuzaji wa mwisho, kwa sababu ndiye ambaye mteja anamfahamu kwa sura.

Tatu, risiti ya kila mzigo idaiwe na itunzwe. Mzigo usio na risiti ni nafuu Kariakoo lakini huwa ghali njiani.

Nne, uwiano wa bidhaa upangwe kabla ya kupanda gari. Wanaoanza wanaweza kujaribu theluthi moja simu, theluthi moja vipuri na vifaa vidogo, na theluthi moja fedha taslimu, kisha wabadilishe kufuatana na daftari la maswali ya wateja. Mwenye fundi hodari anaweza kuongeza upande wa vipuri. Asiye na fundi aanze na chaja, nyaya, betri na balbu, ambazo haziulizi ujuzi mwingi.

Kwa wawekezaji wadogo wasio na duka lakini wenye fedha ya kukopesha au kushirikiana, dalili ya kuangalia ni moja. Waombe kuonyeshwa bidhaa iliyokaa muda mrefu kuliko zote dukani, na waulize ilinunuliwa lini. Mwenye duka anayejua tarehe hiyo bila kutafuta anafahamu mtaji wake ulipo, na huyo ndiye wa kuzungumza naye habari za ubia.